Tuliajiri msimamizi mkuu wa nyumba Mbezi Beach, haya ndo maoni yangu

Naandika hii kwa familia zenye nyumba za watu wengi hapa Dar, zile ambazo bibi yupo, makaka na mashemeji wapo, wajukuu wamejaa, wageni wa mkoani hawakatiki na wafanyakazi ni kuanzia wanne kwenda juu. Kama unakaa na mwenzio na watoto wawili na dada mmoja wa kazi hii huduma haikuhusu, hela yako itunze. Ila kama nyumba yenu iko kama ya kwetu nakuomba usome yote, maana naona watu wengi wanaulizia "meneja wa nyumba" na wanajibiwa juu juu tu, chukua huyu acha yule, hakuna anaesema huyo mtu akishafika anafanya nini hasa.

Maksi natoa mbili tofauti. Kazi ya msimamizi mwenyewe nampa nyota nne na nusu, ofisi iliyotuletea naipa mbili, na sababu zote nitazisema.

Kwanza ujue tulikuwa tunatafuta nini. Watu wa kazi tulikuwa nao tayari, wadada wawili wa ndani, mmoja wa jikoni, dereva, kijana wa bustani ambae anaosha na magari, na walinzi wa zamu. Mikono haikuwa michache. Tatizo ni kwamba kila mtu mzima ndani ya nyumba alikuwa bosi. Mama anamwambia dada wa jikoni leo ndizi, shemeji anapita anasema wanangu hawali ndizi wapikie wali, kaka anapiga simu yuko njiani na wageni, mtoto wa darasa la saba nae anaagiza chipsi. Dereva hivyohivyo, huyu kamtuma Kariakoo wakati yule anamsubiri ampeleke hospitali. Jioni chakula kikichelewa anaesemwa ni dada, gari likikosekana anaesemwa ni dereva. Ndo maana wadada walikuwa hawakai, anakuja anakaa kidogo anaaga anaenda kumuuguza mtu kijijini na harudi. Kwenye stoo ndo usiseme, sukari inanunuliwa na watu wawili siku moja halafu wiki inayofuata hamna kabisa, LUKU inakata saa nne usiku kila mtu anadhani mwenzie kanunua, gesi inaisha sufuria ikiwa jikoni.

Sasa ofisi. Sitaji jina. Ni moja kati ya hizi ofisi zinazotafutia watu wafanyakazi wa majumbani, wanakuambia wana madada, wapishi, madereva na pia "wasimamizi wenye uzoefu". Ada yao ilikuwa sawa na mshahara wa mwezi mmoja wa mtu atakaepatikana, nusu unatoa mwanzoni. Waliahidi wamewahakiki watu wao, yaani kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, wadhamini wawili na waajiri wa zamani wamepigiwa simu. Mtu wa kwanza waliemleta alikuwa kijana msafi, anajieleza vizuri, ametoka kwenye mahoteli, anajua kupanga meza na kukunja vitambaa. Kuwaamrisha wenzie alijua. Ila ukimpa hela ya matumizi ya wiki akirudi hana maelezo, anakumbuka kwa kichwa, na mabaki hayalingani. Tulipompigia mwajiri wake wa zamani wenyewe tukaambiwa hajawahi kushika hela wala stoo, alikuwa mhudumu wa kawaida, na hakuna ofisi yoyote iliyowahi kumpigia kuulizia. Hapo ndo nyota zao zilipoanzia kushuka. Kubadilisha walibadilisha bure kwasababu ilikuwa bado kipindi cha matazamio, lakini kupata majibu yao WhatsApp ukishalipa ni kazi kwelikweli.

Wa pili ndo huyu tuliye nae mpaka leo. Baba wa makamo, zamani alifanya kazi kwenye nyumba za watu Masaki na Oysterbay, alianzia bustani akapanda mpaka kushika nyumba nzima. Vijana nyumbani wanamwita Anko na sisi tukafuata hivyohivyo.

Alipokuja kuonana na familia alimpa mama shikamoo, akakaa, akamsikiliza kila mmoja anataka nini mpaka wote tukamaliza, halafu akauliza swali moja tu: "Mama, mimi humu ndani nitakuwa natumwa na nani?" Tukaangaliana. Akaeleza kwa upole kabisa kwamba mahitaji atayapokea ya watu wote, hata ya mtoto, lakini uamuzi utoke kwa mtu mmoja, na wafanyakazi nao wapokee kazi kutoka kwake tu, asiwepo mwingine wa kumkatisha dada jikoni. Kama hilo haliwezekani tusimuajiri maana tutampa mshahara wa bure. Kaka yangu mkubwa hakupenda, alisema yaani mimi nyumbani kwetu niombe ruhusa kumtuma dereva? Mama ndo alimaliza, akasema bosi ni yeye, akiwa hayupo ni dada yetu mkubwa, basi.

Kwa maoni yangu pale ndo huduma yenyewe ilipo. Watu wanadhani wanamleta mtu wa kuwasukuma wafanyakazi wawe wachapakazi zaidi, kumbe mtu unaemhitaji ni wa kusimama kati ya familia na wafanyakazi, na nusu ya kazi yake ni kutuzuia sisi. Na si kitu kipya. Wasomaji wa Biblia mnamkumbuka Yusufu kwa Potifa, yule bwana alimwachia vyote mkononi mwake akawa hashughuliki na kitu zaidi ya chakula anachokula. Ulaya huko wafalme waliwapa kazi hii watu wanaowaamini kabisa, Uskoti karne ya 12 mfalme David I alimpa Walter fitz Alan usimamizi mkuu wa nyumba yake, cheo kikabaki kwenye ukoo huo baba kwa mtoto, mpaka mwaka 1371 mmoja wa uzao wake, Robert II, akawa mfalme mwenyewe. Nalisema hili kwasababu kuna watu wakisikia msimamizi wa nyumba wanamchukulia kama hausiboi aliyevaa shati safi. Anaekaa na funguo na hesabu na siri za nyumba yenu si mtu mdogo, na ukimdharau hawezi kukufanyia kazi.

Haya, stoo. Alianza kwa kutoa kila kitu nje, akapima, akaandika kwenye daftari kubwa lenye jalada gumu, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Mchele unapimwa kwa kilo kabla ya kwenda jikoni, mafuta kwa lita, sukari ya chai inatolewa ya siku mbili mbili. Funguo anazo yeye na za akiba anazo mama. Kwenye mtungi wa gesi anabandika karatasi yenye tarehe uliyofungwa, kwahiyo anajua huu unakaribia kuisha na wa pili uko tayari umejaa. Uniti za LUKU anaangalia kila asubuhi akimaliza kukagua geti. Maji ndo kabisa, nyie mnaokaa upande huu mnajua maji ya DAWASA yanaweza kuja usiku wa manane kwa presha ndogo, yeye alimpangia mlinzi wa usiku kufungua koki na kuangalia simtank zikijaa afunge, na mlinzi anaandika saa. Sijaona tena watu wanaoga kwa ndoo asubuhi wakati bomba lilitoa maji usiku kucha.

Matumizi ya wiki anatumiwa M-Pesa Ijumaa na hesabu anaileta kwa mama Alhamisi inayofuata. Panapotolewa risiti analeta risiti. Sokoni hawatoi, kwahiyo anaandika bei na jina la soko, na ndani ya daftari unaona nyanya wiki hii bei gani na wiki iliyopita zilikuwa bei gani, mtu akitaka kuhakiki anaenda mwenyewe kuuliza. Samaki anafuata Feri alfajiri na dereva, anasubiri mnada anachukua kwa wingi, changu na nguru, wanaparuliwa na kukatwa palepale, kurudi nyumbani wanagawanywa kwenye mifuko ya mlo mmoja mmoja na kuingia friza. Ndizi anafuata Mabibo. Vitu vikavu anachukua Kariakoo kwa jumla mara moja kwa mwezi. Zamani kila siku kuna mtu anakimbizwa na bodaboda kununua kitu kimoja dukani kwa bei ya rejareja, na nauli ya bodaboda ilikuwa inazidi bei ya kitu. Siwezi kuwapa asilimia tuliyookoa kwasababu zamani hakukuwa na hesabu ya kulinganisha nayo, ila mama ambae ndo anatoa hela anasema inabaki, na mama si mtu wa kusema inabaki kama haibaki.

Kilichonigusa zaidi ni wafanyakazi. Mwezi wa kwanza tu alimwomba mama wakae wawili, akamwambia mama hawa watoto hawana mikataba, dada wa jikoni anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho, na hana siku ya kupumzika inayojulikana. Akaleta na sheria, si kwa kutisha, kwa kueleza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haijamwacha nje mfanyakazi wa nyumbani, masaa ya kawaida ni 45 kwa wiki na yasizidi 9 kwa siku, ya ziada yana malipo yake, kuna mapumziko ya masaa 24 mfululizo kila wiki, likizo ya mwaka ni siku 28, na masharti ya kazi apewe kwa maandishi. NSSF ni asilimia 20 ya mshahara na mfanyakazi asikatwe zaidi ya 10, nyingine anabeba mwajiri. Tukaandika mikataba. Akapanga zamu kwenye karatasi ikabandikwa mlango wa jikoni, wa kanisani wanapata Jumapili yao, waislamu wanajua Ijumaa mchana hawatumwi, na ikifika saa tatu usiku jiko limefungwa, anaetaka chai ajichemshie mwenyewe. Hilo la jiko lilileta maneno humu ndani wiki nzima. Anko hakubishana na mtu, alisema tu anaetaka jiko liwe wazi mpaka saa sita aongee na mama ili aajiriwe dada wa usiku. Hakuna aliekwenda kuongea.

Dada wa jikoni tuliyekuwa nae wakati ule bado yupo. Amekwenda kwao Singida kwa likizo na nauli yake na mshahara wake, na akarudi. Kwa nyumba yetu hilo ni jambo kubwa sana jamani, watoto wamemzoea, mama anajua mkono wake wa chumvi, na yeye mwenyewe ukimwona anaongea kwa kujiamini, kitu kikiwa kibovu anasema.

Lakini kama unataka kujua msimamizi ni mzuri au la msubiri kwenye shughuli. Tulikuwa na hitma ya baba, watu zaidi ya mia tatu, na shughuli za kwetu zote za nyuma zilikuwa zinaisha watu wa mwisho wanapewa wali mtupu huku kuna masufuria ya nyama yamefichwa chumbani kwa shangazi. Anko alianza wiki mbili kabla. Kwa serikali ya mtaa alikwenda kutoa taarifa kwasababu magari yangeziba njia. Turubai na viti akalipia sehemu tu, hela iliyobaki wanapewa siku wakija kufungua. Masufuria makubwa na sinia za kuazima, mengine ya msikitini mengine ya majirani, kila moja alilipiga alama ya rangi chini na kuandika limetoka kwa nani. Mpishi wa pilau alikuja na vijana wake, Anko hakumwingilia kwenye upishi hata kidogo ila nyama alisimamia mwenyewe kuanzia ng'ombe anachinjwa, ikakatwa, ikapimwa, ikagawanywa kwa kila sufuria mbele ya mpishi na mbele ya shangazi yetu ambae ndo mkubwa wa jikoni siku za shughuli. Alimwita shangazi kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti kizuri, akamwambia bibi wewe ndo shahidi wangu. Shangazi alikaa pale kutwa na hakuna nyama iliyotoka bila yeye kuona.

Halafu akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona kwenye shughuli ya Dar. Kabla wageni hawajaanza kupakuliwa, wapishi, vijana wa viti, walinzi, wadada na wale mafundi wa maji walikaa nyuma ya nyumba wakala kwanza, chakula kamili na nyama yao. Bibi mmoja akaguna, inakuwaje watumishi wanakula kabla ya mashehe? Akajibiwa kwa adabu kwamba mashehe bado wanasoma, na mtu mwenye njaa akibeba sinia ya pilau mara kumi ile sinia ya kumi na moja haifiki salama. Na kweli, chakula kilitosha, wageni wa mwisho kabisa walipata nyama, kikabaki cha kupeleka kwa majirani wagonjwa. Usiku ule masufuria yalioshwa yakapangwa kwa alama zake, kesho yake saa nne asubuhi yote yalikuwa yamerudi kwa wenyewe. Mama alikaa na wageni wake toka asubuhi mpaka jioni hakuinuka hata mara moja kuitwa jikoni. Mjane kwenye hitma ya mume wake akikaa akalia na wenzie kwa utulivu, hilo huwezi kulilipia.

Sasa mapungufu, maana yapo.

Anko ni mtu wa daftari, simu anatumia kwa kupiga na M-Pesa basi. Kaka aliyeko nje ya nchi akitaka kuona matumizi lazima mtu apige picha kurasa. Menyu yake ya wiki imenyooka mno, Jumatatu ukiijua umeijua mwaka mzima, na wale wanaopenda kubadilishabadilisha chakula wanaumia. Kwa watoto ni mkali, mwenye miaka kumi anatandika kitanda chake mwenyewe, mimi naona sawa ila wazazi wengine humu ndani hawaoni sawa. Na alipokwenda likizo mara ya kwanza nyumba iliyumba, kwasababu vitu vingi vilikuwa kichwani kwake na kwenye mwandiko ambao anausoma yeye. Sasa hivi anamfundisha dada mmoja wa ndani awe msaidizi, tena kwa nyongeza ya mshahara, na huyo dada ameanza kushika daftari siku ambazo Anko hayupo.

Kuna na hili la shamba. Tuna shamba upande wa Mkuranga, na familia ikaona kwakuwa mtu anajua hesabu basi ashike na minazi na mihogo. Alikataa. Alisema ukiwa shamba huoni nyumba na ukiwa nyumbani huoni shamba. Nilikuja kusoma kwamba hata Uingereza kwenye majumba makubwa ya matajiri karne ya 18 na 19 walitenganisha hivyohivyo, msimamizi wa ndani anashika hesabu za nyumba, ununuzi na kuajiri watumishi wa kiume, wakati mashamba, wapangaji na kodi za ardhi vina msimamizi wake mwingine. Kwahiyo kama ofisi inakuahidi mtu mmoja atakayeshika nyumba, shamba, mradi wa kuku na apatimenti zako za kupangisha, ujue hapo unauziwa kazi ya watu wanne kwa mshahara wa mmoja, na ataharibu vyote.

Mshahara wake ni mkubwa kuliko wa wengine wote nyumbani, ukijumlisha na NSSF inauma kidogo mwanzoni. Usijaribu kumpunja. Mtu unaemwachia funguo na hela kila wiki halafu unamlipa mshahara ambao hauwezi kusomesha mtoto wake, unamtafutia majaribu mwenyewe.

Mkienda kwenye hizi ofisi ombeni namba za waajiri wa zamani mpige wenyewe, na muulize maswali ya kazi, alishika hela kiasi gani, alisimamia watu wangapi, aliondoka kwanini. Mpeni hela kidogo akanunue vitu vya nyumbani mumwone anavyorudisha hesabu, hapo utajua zaidi ya intavyuu ya saa nzima. Na mmalizane wenyewe kwanza ndani ya familia nani ndo bosi wake, kabla hajafika, kwasababu sisi tulibahatika kupata anaeuliza.

Mkataba wake umeisha tumeuongeza. Ofisi walitupigia simu wanataka ada nyingine eti ya kuongeza mkataba, tukafungua makubaliano hiyo kitu haimo, tukakataa na wakanyamaza. Nimesikia kuna wengine wamelipa. Kwahiyo ukisaini nao soma kila ukurasa, na nakala yako ondoka nayo siku hiyohiyo, usikubali kuambiwa utatumiwa.